Je, wajua? Kazi kubwa ya priampu ni kupunguza sauti

Priampu, kile kifaa chenye kitasa cha kuzungusha sauti kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya, imeharibika, iko kwa fundi, na amplifaya inayosukuma spika imebaki haina cha kuilisha. Swali linalofuata huwa lile lile: kipi cha bei nafuu kitashika nafasi hiyo kwa wiki chache bila kuivuruga sauti? Wengi huanza kutafuta kikuza sauti kidogo chenye nguvu ya kutosha, na hapo ndipo wanapopotea njia. Katika stirio nyingi za leo nguvu ipo tele; kilichokosekana ni breki.

Jina ndilo linalopotosha. Ukisikia "priampu" unapata picha ya mnyororo: chanzo kinatoa sauti hafifu, priampu inaitia nguvu, amplifaya inamalizia. Sasa piga hesabu. Mashine ya CD inapofika kileleni hutoa takriban volti 2 kwenye jeki zake za RCA. Amplifaya nyingi za nyumbani hukuza mara 20 hivi, yaani desibeli 26. Volti 2 mara 20 ni volti 40, na volti 40 kwenye spika ya omu 8 ni wati 200. Kama amplifaya ni ya wati 100, CD peke yake imeshaidai mara mbili ya uwezo wake, na hakuna priampu iliyoguswa bado. Volti 1.4 tu zinaifikisha mwisho.

Geuza hesabu upande wa pili. Kusikiliza sebuleni huku watu wanaongea hutumia wati 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Wati 1 kwenye omu 8 ni volti 2.83, kwa hiyo mlangoni mwa amplifaya zinatakiwa volti 0.14 tu. Kutoka volti 2 hadi 0.14 ni kupunguza mara 14. Ndivyo priampu ya gharama inavyoshinda jioni nzima: inapokea kingi, inapitisha kipande. Kitasa kikienda kulia, kinachotokea ni kwamba upunguzaji umelegezwa. Sikio linasikia nyongeza, na dhana potofu inazidi kuota mizizi.

Dhana hiyo ina hasara inayosikika. Chukua kiboksi cha bei ya chini kinachojisifu kukuza mara 10. Kwa kuwa amplifaya haikuhitaji ongezeko hilo, sauti yote inayotumika inabanana kwenye nyuzi chache za mwanzo wa kitasa: ukigusa kidogo, sauti inaruka. Halafu voliumu, yaani kile kijisehemu kinachozungushwa na kitasa, kwa stirio huwa mbili kwenye mhimili mmoja, na hapo chini kabisa ndipo zinapotofautiana zaidi. Tofauti ya desibeli 2 au 3 kati ya kushoto na kulia ni jambo la kawaida kwa voliumu rahisi, na mwimbaji anahama kutoka katikati kwenda kwenye spika moja. La tatu ni ule mchemko wa "sss". Saketi ya kukuza ikiwa baada ya kitasa, mchemko wake haupungui hata ukizima wimbo.

Dhana yenyewe, hata hivyo, haikuzuliwa hewani. Sindano ya gramafoni ya aina ya MM (yenye sumaku inayocheza) hutoa milivolti 5 hivi. Hiyo inahitaji kukuzwa kama mara 100, na pia kurekebishwa kwa mkunjo wa RIAA, kwa sababu sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Kwa gramafoni lazima iwepo priampu ya fono yenye mlango wa kilo-omu 47. Priampu ya kipaza sauti haifai badala yake: itakuza, lakini muziki utatoka mkali usio na besi.

Vyanzo vingine vyote, yaani CD, kisimbuzi, kompyuta na redio, vinatosheka na voliumu moja ndani ya kiboksi, bila umeme wala transista. Ndani ya voliumu kuna ukanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Uone ukanda huo kama ngazi. Juu kabisa ni volti 2 za chanzo, chini kabisa ni sakafu, yaani ethi ya saketi, na amplifaya inapewa kimo cha kidato ambacho kidole kimesimama. Basi.

Wasiwasi wa mafundi juu ya kiboksi cha namna hii unatoka kwingine, kwenye waya. Waya wa RCA una kapasitansi, yaani huhifadhi chaji kidogo ya umeme. Pikofaradi 100 kwa mita ni kadirio zuri. Fikiria kikombe kidogo ambacho lazima kijazwe na kumwagwa kwa kila wimbi la sauti, na mrija unaokijaza ni ukinzani wa voliumu. Besi ya mawimbi 50 kwa sekunde ina muda wa kutosha. Hata mrija mwembamba unakijaza. Matoazi ya mawimbi 15,000 kwa sekunde hayasubiri. Mrija ukiwa mwembamba mno, kikombe kinageuzwa kabla hakijajaa, na sauti za juu zinafifia. Kinachochekesha ni kwamba mrija hauwi mwembamba zaidi kitasa kikiwa chini. Unabana zaidi pale voltesheni inapokuwa nusu, na hapo ukinzani unaoonekana na waya ni robo ya thamani ya voliumu.

Kwa voliumu ya kilo-omu 100, robo ni 25. Ukitumia waya wa mita 5, desibeli 3 zinapotea kwenye hertzi 12,700 hivi, na masikio mazuri yatalalamika. Kwa kilo-omu 50 mpaka huo unasogea hadi 25,000. Kwa kilo-omu 10 na waya wa mita 1 unapita 600,000, ambako hata popo hajali. Nunua kilo-omu 10, weka waya mfupi kati ya kiboksi na amplifaya, na urefu wote uwe upande wa chanzo.

Kuna chanzo kimoja cha kuangaliwa: vifaa vya vali (zile taa za kioo zilizotangulia transista) vyenye kapasita ndogo mlangoni pa kutokea. Mikrofaradi 0.47 ikikutana na kilo-omu 10 huanza kukata besi kwenye hertzi 34. Hapo kilo-omu 50 ni afadhali, na waya ufupishwe zaidi. Wapo wanaosema kiboksi kisicho na umeme "huua uhai" wa muziki. Sehemu ya lawama hiyo inapimika, nayo ni hii ya mrija na hii ya kapasita. Inayobaki ichukuliwe kwa tahadhari, maana sauti iliyo chini kwa desibeli 1 tu huonekana butu ikilinganishwa na iliyo juu.

Vifaa ni vichache: voliumu pacha ya kilo-omu 10 ya mkunjo wa logi (inayopanda polepole mwanzoni, kasi mwishoni), jeki 4 za RCA, kiboksi cha chuma, waya mwembamba wenye ngao, na kitasa. Shika voliumu mhimili ukikutazama na miguu ikiwa chini. Mguu wa kushoto ni ethi, wa kati unakwenda kwa amplifaya, wa kulia unatoka kwa chanzo. Safu ya pili ni chaneli ya pili, vivyo hivyo. Kiboksi kiunganishwe na ethi hiyo mahali pamoja tu, la sivyo kitaokota mvumo. Usiiamini herufi iliyochapwa. Nyingi huandikwa A kwa logi na B kwa mstari, lakini baadhi ya za zamani za Ulaya zimegeuza. Pima omu kwa mita ya umeme kati ya mguu wa ethi na wa kati, kitasa kikiwa nusu: logi itasoma kilo-omu 1 hadi 1.5, ya mstari itasoma 5. Ya mstari itafanya kazi, ila sauti itapanda yote robo ya kwanza.

Ikiwa bado unasikilizia chini ya robo ya kitasa, lehemu rezista ya kilo-omu 22 kabla ya mguu wa kulia, moja kwa kila chaneli. Itashusha desibeli 10, na kitasa kitahamia eneo ambalo kushoto na kulia vinalingana.

Asiyetaka kushika chuma cha kulehemu atafute amplifaya ya zamani yenye jeki zilizoandikwa PRE OUT. TAPE OUT au REC OUT hazifai, kwa sababu hazipiti kwenye kitasa: amplifaya itapata volti 2 zote. Vituo vya spika visichomekwe kamwe kwenye mlango wa RCA. Miksa ndogo inafaa pia, ingawa adapta yake inaweza kuleta mvumo.

Ipo pia voliumu ya ndani ya kompyuta au kisimbuzi. Kila desibeli 6 inayoshushwa hula biti 1. Kwenye njia ya biti 24, muziki wa biti 16 una akiba ya desibeli 48, kwa hiyo ubora si tatizo. Tatizo ni programu inayojisasisha na kurudisha voliumu kwenye asilimia 100, na zile wati 200 za hesabu ya mwanzo zikadaiwa usiku wa manane.

Kitasa cha mkono hakina tabia hiyo, isipokuwa miguu ya pembeni ikibadilishana. Ikibadilishana, kushoto kabisa kunakuwa ndiko kelele ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote, zungusha kushoto kabisa na upime mguu wa kati dhidi ya ethi: mita isome karibu na sifuri. Kisha washa chanzo kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima, anza na amplifaya.