Sherifu wa Marekani si mkuu wa polisi wa kaunti

Katika kazi yangu ya uwakili miongoni mwa Waafrika Mashariki waliohamia Marekani, hakuna imani inayonichosha kama hii ya kwamba sherifu ni mkuu wa polisi aliyevaa kofia pana, na kwamba karatasi yoyote yenye jina lake ni dalili ya kukamatwa. Mara nyingi karatasi hiyo ni hati ya wito katika shauri la madai, la deni, talaka au kodi ya nyumba, na naibu wa sherifu, yaani askari wake, aliyegonga mlango ameileta kwa niaba ya mahakama. Anayeipokea akaitupa hujitafutia hukumu ya upande mmoja, na katika shauri la nyumba naibu huyo huyo anaweza kurudi na amri ya kumtoa.

Mkuu wa polisi wa jiji huajiriwa, na aliyemwajiri anaweza kumfukuza. Sherifu, katika majimbo mengi, huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti, kwa kawaida kwa miaka minne, na makamishna wa kaunti wanaopitisha bajeti yake hawawezi kumwachisha kazi. Hulinda mahakama, hukazia hukumu, husimamia gereza la kaunti wanamokaa mahabusu wanaosubiri kesi, na hufanya doria hasa nje ya mipaka ya miji. Hata orodha hiyo haishiki kila mahali. Philadelphia ina sherifu wa kuchaguliwa, ilhali doria ni ya polisi wa jiji na magereza yana idara yake. Ofisi ya sherifu husafirisha mahabusu na kunadi nyumba za walioshindwa kulipa mikopo, kazi ambayo Mtanzania angeitambua mara moja kuwa ya dalali wa mahakama. Alaska haina kaunti, hivyo haina sherifu wa kaunti. Connecticut iliifuta ofisi hiyo kwa kura ya mwaka 2000. Na huko Scotland sherifu ni hakimu, jambo ninalolitaja na kuliacha.

Linaloniudhi zaidi ni dai kwamba ndani ya kaunti yake sherifu yuko juu ya serikali ya shirikisho. Wanaolitoa huegemea kesi ya Printz ya mwaka 1997, ambamo masherifu wawili, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, waliipinga sheria iliyowataka kuchunguza rekodi za wanunuzi wa bastola. Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge haliwezi kuwalazimisha kutekeleza mpango wa shirikisho, ikaishia hapo. Kutolazimishwa kumfanyia mtu kazi hakukupi mamlaka ya kumzuia asiifanye mwenyewe, wala ya kujiamulia ni sheria ipi inakiuka Katiba, na Katiba yenyewe haimtaji sherifu hata mara moja.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine: sherifu ni mtumishi wa nani? Walter McMillian, aliyesubiri adhabu ya kifo Alabama hadi hatia yake ilipofutwa, aliishtaki Kaunti ya Monroe kwa matendo ya sherifu wake. Mwaka huo huo wa 1997, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema kwamba sherifu wa Alabama anaposimamia utekelezaji wa sheria huliwakilisha jimbo, ingawa ni kaunti inayomchagua na kumlipa. Kwingineko jibu linaweza kuwa tofauti, na sherifu mmoja anaweza kuwa wa jimbo katika jambo hili na wa kaunti katika lile. Mteja aliyeumizwa gerezani akiniuliza tumshtaki nani, huomba muda wa kusoma sheria za jimbo lake, na nisiporidhika hata baada ya kusoma, huandika majina yote katika hati ya madai nikaiachia mahakama imwondoe asiyehusika.