Barua Pepe Ikigoma, Usizime Faiawoli

Ofisi nyingi za hapa Mwanza, za mawakala wa mizigo na za viwanda vya minofu ya sangara, bado zinategemea barua pepe kutuma ankara, vyeti vya afya na nyaraka za forodha. Siku programu ya barua kama Outlook au Thunderbird ikiacha kupokea barua, fundi anaitwa, anazima faiawoli, barua zinaingia, anaondoka. Kompyuta yenye hesabu za kampuni inabaki bila ulinzi huo kwa miezi. Sisi wa TEHAMA tunaomba tabia hiyo ikome, kwa sababu dawa yake ni ndogo na haihitaji kuzima kitu.

Faiawoli ni programu inayokaa kama mlinzi wa getini kati ya kompyuta na mtandao. Hutazama hasa mambo mawili: ni programu gani inayoomba kupita, na inakwenda poti namba ngapi, yaani mlango upi wenye namba ambao huduma fulani ya mtandao hupitia. Kupokea barua kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayozitunza), hutumia poti 993, na kwa POP3, njia inayozipakua kwenye kompyuta yako, ni 995. Kutuma hutumia 587 au 465. Ukikuta mipangilio yako ya kutuma imeandikwa 25, ibadilishe: poti hiyo ni ya seva kupelekeana barua, na watoa huduma wengi wa intaneti huifungia wateja wao ili kuzuia barua taka.

Kabla ya kugusa chochote, fungua akaunti hiyohiyo kwenye kivinjari. Kivinjari hupita poti 443, ambayo ni nadra kufungwa. Barua zikionekana huko ilhali Outlook imekwama, intaneti ni nzima na akaunti ni nzima. Kisha soma ujumbe wa kosa. Ukilalamikia nenosiri, iache faiawoli, maana seva imefikiwa hadi ikakukatalia. Ukisema seva haijibu, hapo una haki ya kuishuku.

Faiawoli ya Windows, isipobadilishwa na mtu, huruhusu programu kutoka na huzuia vinavyotaka kuingia bila kuitwa. Ndiyo maana mimi huanza kukagua antivirusi iliyoongezwa juu yake, yenye faiawoli yake yenyewe. Nyingi kati ya hizi huweka kanuni kwa kila faili ya programu. Programu ya barua ikisasishwa, faili hubadilika, kidirisha hutokea kuuliza uruhusu au uzuie, na mtu mwenye haraka hubonyeza zuia. Kanuni hiyo hubaki ikifanya kazi kimyakimya, na hakuna anayekumbuka kwamba aliulizwa.

Fungua orodha ya kanuni za programu, itafute programu ya barua, kisha ibadilishe kanuni yake iwe ya kuruhusu, kwa miunganisho inayotoka peke yake. Ndiyo, hata kwa kupokea! Kompyuta yako ndiyo inayozifuata barua kwenye seva, na faiawoli hukumbuka muunganisho ulioanzia ndani na kupitisha majibu yake. Nimeona kompyuta nyingi zilizofunguliwa poti 993 ya kuingia, uwazi usioleta barua hata moja. Vivyo hivyo ukiwa kwenye waifai ya hoteli: acha Windows iutambue mtandao huo kuwa wa umma. Barua zitafika, na wageni wengine hawataiona kompyuta yako.

Kanuni ikiwa sawa na barua bado hazipiti, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike Test-NetConnection, jina la seva yako ya barua, kisha -Port 993. Jibu kwenye mstari wa TcpTestSucceeded likiwa True, njia iko wazi, na kizuizi kimeilenga programu ya barua yenyewe au mipangilio yake ina kosa. Likiwa False, iunganishe kompyuta na intaneti ya simu yako, urudie amri ileile. Ikipita kwa simu na kukataa kwa mtandao wa ofisi, kizuizi kiko kwenye ruta au faiawoli ya ofisi, na anayeisimamia ndiye wa kuambiwa afungue poti hiyo. Ikikataa kote kuwili, hakikisha kwanza jina la seva limeandikwa sawasawa, kisha mpigie anayekuhudumia barua pepe. Mtajie poti uliyojaribu, jibu ulilopata na maneno ya kosa kama yalivyo. Hapo hatakuwa na sababu ya kukwambia uzime faiawoli.