Je, wajua ni nani hasa aliyesaini picha za nyota wa zamani wa Hollywood?

Chukua picha ya Jean Harlow, mwigizaji wa Marekani aliyejaza kumbi za sinema miaka ya 1930 kwa nywele zake za rangi ya fedha. Picha ni ya zamani kweli. Karatasi ni ya enzi hizo, wino ni wa enzi hizo, na bahasha iliyoileta ilitumwa kwa posta Harlow akiwa hai. Saini yake imeandikwa kwa mkono, bila kusitasita. Hata hivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeiandika ni mama yake mzazi.

Harlow alizaliwa Kansas City mwaka 1911, akapewa jina la Harlean Carpenter. Aliyekuwa akiitwa Jean Harlow ni mama yake, kabla hajaolewa. Mama huyo alikwenda Hollywood mwaka 1923 akiwa na binti yake, akitaka yeye mwenyewe kuwa mwigizaji, lakini hakufanikiwa. Binti alipoanza kutafuta kazi za filamu mwaka 1928 alijiandikisha kwa jina la usichana la mama. Umaarufu ulipokuja na barua za mashabiki zikaanza kumiminika, mama akashika kalamu na kuanza kusaini kwa niaba ya mwanawe. Kila alipoandika "Jean Harlow" alikuwa anaandika jina alilozaliwa nalo. Harlow alifariki Juni 1937 akiwa na miaka 26 tu, na leo sehemu kubwa ya picha zinazouzwa zikiwa na jina lake ni za mkono wa mama.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wakisikia saini si ya nyota mwenyewe, wanafikiria tapeli mara moja. Saini za namna hii, ambazo wakusanyaji huziita saini za makatibu, hazikuwa utapeli wa mtaani. Ziliandikwa kwa idhini ya nyota au studio yake, na picha ikatumwa kwa shabiki aliyeiomba. Aliyezisaini angeweza kuwa katibu muhtasi, mama, dada, au mfanyakazi wa idara ya barua studioni.

Na sababu yake ni hesabu tu. Clara Bow, nyota wa filamu zisizo na sauti, anatajwa kupokea barua zaidi ya 45,000 katika mwezi mmoja, Januari 1929. Tuseme kila picha ingemchukua sekunde 10 kuisaini. Hizo ni saa 125, yaani saa nne kila siku ya mwezi bila kupumzika, hata Jumapili, na bado hajafika mbele ya kamera. Hakuna studio ambayo ingekubali mwigizaji wake wa thamani apotezewe muda namna hiyo. Kwa hiyo zikaanzishwa idara nzima za kufungua barua, kuchagua picha, kuandika jina na kubandika stempu.

Idara hizo hazikutumia mkono wa binadamu pekee. Njia rahisi zaidi ilikuwa kuchapisha saini pamoja na picha. Nyota alisaini mara moja, kisha saini hiyo ikatokea kwenye maelfu ya nakala. Ikiwa iliandikwa kwa wino mzito juu ya negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo, wino ulizuia mwanga na saini ikatoka nyeupe kwenye picha. Inamisha picha kidogo chini ya taa uitazame kwa ubavu. Wino halisi utauona umekaa juu ya karatasi, una mng'ao wake tofauti, na pale mstari mmoja ulipokatiza mwingine rangi imekolea. Saini iliyochapishwa inang'aa sawasawa na picha nzima kwa kuwa ni sehemu ya picha. Muhuri wa mpira nao haujifichi: wino hurundikana kingoni mwa mistari, na pale mistari inapokatizana huoni upi ulitangulia. Miongo iliyofuata zikaja mashine zinazoshika kalamu na kufuata kiolezo. Hizo hugunduliwa kwa kuweka saini mbili moja juu ya nyingine na kuzikuta zinalingana nukta kwa nukta, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulifanya.

Mambo ya tarehe pia husaidia sana, hasa kumnasa tapeli wa siku hizi. Kalamu za biro zilianza kuuzwa New York tarehe 29 Oktoba 1945. Rudolph Valentino alifariki mwaka 1926, Harlow mwaka 1937, na Carole Lombard alikufa kwenye ajali ya ndege Januari 1942. Ukionyeshwa jina la yeyote kati yao kwa wino wa biro, rudisha mzigo kwa mwenyewe. Maka peni ni za baadaye zaidi, miaka ya 1950 na 1960. Karatasi nayo husema. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kuweka kemikali ya kung'arisha weupe kwenye karatasi za picha, na karatasi hiyo huwaka rangi ya buluu chini ya taa ya zambarau, ile ile inayotumika kukagua noti bandia. Picha inayodaiwa kuwa ya 1932 ikiwaka hivyo, ni nakala ya baadaye.

Lakini turudi kwa mama yake Harlow, kwa maana vipimo vyote hivyo anavivuka bila shida. Kalamu yake ni ya wino, karatasi yake ni ya miaka ya 1930, na mkono wake haukutetemeka. Anayeghushi huchora polepole akiiga umbo. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mstari unaoyumba, kalamu iliyonyanyuliwa mahali pasipohitajika, ncha butu mwanzoni na mwishoni mwa herufi. Katibu aliyekwisha kusaini mara elfu moja haigi kitu. Anaandika kwa kasi, na mistari yake huanza na kuishia kwa wembamba wa asili. Hapa ndipo hata wauzaji wazoefu hukosea, kwa sababu wanapima uhai wa mwandiko wakasahau kuuliza mwandiko ni wa nani.

Dawa ni moja tu: kulinganisha. Na ni lazima ulinganishe na maandishi ambayo nyota hakuweza kumwachia mtu mwingine, yaani mikataba, hundi, hati za mahakamani, barua binafsi kwa ndugu, na kurasa za vitabu vya saini alivyoandika mbele ya watu. Usilinganishe na picha nyingine zilizotoka studioni, maana utakuwa unamlinganisha katibu na katibu, na bila shaka watafanana! Tazama mlalo wa herufi, urefu wa herufi kubwa dhidi ya ndogo, zinavyoungana, nafasi kati ya jina la kwanza na la pili. Umbo la jumla linaweza kuigwa au kufanana kwa bahati. Vitu hivi vidogo mtu huviandika bila kujua.

Maneno ya salamu ni hazina. Wanunuzi wengi hukwepa picha iliyoandikwa "kwa Mary, wako mwaminifu", wakitaka jina la nyota peke yake. Kwa maoni yangu wanajinyima ushahidi. Herufi zikiwa nyingi, mwandishi huzidi kujianika, na mara nyingine utakuta salamu kwenye picha za waigizaji wawili tofauti wa studio moja zimeandikwa na mkono uleule. Kuwa mwangalifu pia na picha za waigizaji wawili pamoja. Majina ya wachekeshaji wawili Laurel na Hardy yakiwa na mlalo mmoja na wino mmoja, uliza maswali.

Stan Laurel mwenyewe, kwa kweli, ni kinyume cha haya yote. Uzeeni aliishi kwenye nyumba ya kupanga huko Santa Monica, namba yake ya simu ikiwa kwenye kitabu cha simu, na alijibu mashabiki yeye mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1965. Joan Crawford naye alijulikana kwa kuandikiana na mashabiki wake kwa miongo. Ndiyo maana saini zao halisi si adimu. Greta Garbo alikuwa upande wa pili kabisa. Hakupenda kusaini, aliacha filamu mwaka 1941, na kilicho salama zaidi kwake ni hundi na hati rasmi. Picha ya Garbo yenye salamu nzuri kwa shabiki inapaswa kukutia wasiwasi kabla ya kukufurahisha. Kwa hiyo jifunze kwanza tabia ya nyota, ndipo ushike kioo.

Huku kwetu Afrika Mashariki swali hili lina upande wake wa pekee, kwani baadhi ya nyota hao walifika wenyewe. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walipiga filamu Uganda na Kongo mwaka 1951. Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly walikuwa Kenya mwishoni mwa 1952 hadi mwanzoni mwa 1953. William Holden alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya safari chini ya Mlima Kenya mwaka 1959. John Wayne alikuwa Tanganyika, maeneo ya Arusha, kati ya mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 kwa ajili ya filamu ya Hatari!

Mtu aliyewapikia, kuwaendesha au kuwahudumia hotelini angeweza kupewa saini uso kwa uso, bila idara ya barua katikati. Saini kama hiyo mara nyingi ni ya haraka, iko kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, labda risiti au menyu, na haivutii machoni. Kama kwenu kuna karatasi ya namna hiyo, msiikate wala kuibandika gundi. Ihifadhiwe pamoja na chochote kinachoonyesha ilivyopatikana: kitambulisho cha kazi, picha ya kambini, barua ya ajira yenye tarehe. Kisha ilinganishwe na hati ambazo nyota huyo alisaini miaka ileile, maana saini ya Wayne ya 1961 haina budi kupimwa kwa zile za karibu na mwaka huo, si kwa zile za ujana wake.