Ukipewa takwimu za sekondari ya mkataba, anza na safu ya madarasa

Mzazi akishika karatasi ya takwimu za shule mjini Chicago, jicho hukimbilia asilimia: Weusi wangapi, Walatino wangapi, wanaopewa chakula cha bure wangapi. Mimi huanza na safu ambayo wengi huiruka, ile ya idadi ya wanafunzi darasa kwa darasa, kuanzia la 9 hadi la 12.

Shule za mkataba (charter schools) ni za umma. Hazitozi ada na huendeshwa kwa fedha za kodi, ila kila moja ina bodi yake na mkataba unaoweza kufutwa. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991. Waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida huchezeshwa bahati nasibu.

Sasa turudi kwenye ile safu. Urban Prep, sekondari ya wavulana, ilifunguliwa mwaka 2006 Englewood, kusini mwa Chicago. Mwaka 2010 wahitimu wake wa kwanza, vijana 107, wote walipata nafasi katika vyuo vya miaka minne. Habari ikavuma Marekani nzima, na ilistahili. Lakini darasa hilo lilianza na wavulana wapatao 150. Kwa hiyo asilimia 100 ni ya kweli, ila ni ya waliofika mwisho. Wanafunzi hupungua hata katika shule za kawaida za mjini: familia huhama, mtoto hubadilisha shule, mwingine hurudia darasa. Swali la kuiuliza shule yoyote ni hili: kiti kikibaki wazi darasa la 10, mnapokea mtoto mwingine au mnakiacha hivyo hivyo?

Safu ya chakula nayo ina mtego. Zamani mzazi alijaza fomu ya kipato. Aliye chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini, mwanawe alikula bure, na aliye chini ya 185 alilipa kidogo. Tangu 2014, shule yoyote nchini yenye watoto wengi ambao familia zao tayari zinapokea misaada ya serikali inaweza kulisha wote bila fomu. Ukiona imeandikwa 100, usidhani kila mtoto pale ni maskini.

Kuhusu rangi, kijana aliyezaliwa Uvira, Kongo, na yule ambaye babu wa babu yake alizikwa Mississippi huhesabiwa kisanduku kimoja, cha Weusi. Ukitaka kujua kama kuna watoto wa kwenu, safu ya wanaojifunza Kiingereza itakudokeza zaidi. Safu hiyo huanzia kwenye fomu ya kuandikisha mtoto, panapoulizwa lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili, kama ndicho mnachozungumza. Mtoto atapimwa Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada, shule inawajibika kisheria kumpa.

Na tazama tarehe. Takwimu za taifa huhesabu wanafunzi karibu na Oktoba 1. Aliyeacha shule Novemba bado yumo kwenye jedwali. Aliyefika Januari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akakalia kiti hicho hicho, hayumo.