Mti Ukipandwa, Mpangaji Asing'olewe

Miaka ya 1930, wakala wa mikopo ya nyumba wa serikali ya Marekani ulichora ramani za miji na kuipaka wino mwekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopesha, hasa ya watu weusi. Asiyekopesheka hajengi wala hakarabati. Bei ya ardhi ikashuka, na barabara kuu, maghala na viwanda vikaelekezwa huko huko. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha joto la uso wa ardhi katika miji 108 yenye ramani hizo: katika 94% ya miji, mitaa ya wino mwekundu ilikuwa na joto zaidi kuliko iliyopewa alama za juu, kwa wastani wa nyuzijoto 2.6 hivi. Lami nyingi, miti ya kuhesabu.

Haki ya mazingira inaanzia hapo: nani anabebeshwa joto, moshi na taka, na nani aliulizwa kabla ya uamuzi kupitishwa. Wakazi wa Warren County, North Carolina, walilala barabarani mwaka 1982 kuyazuia malori ya udongo wenye sumu. Zaidi ya 500 walikamatwa na udongo ule ukazikwa kwenye jaa la huko huko, lakini swali lao halikuzimika tena.

Kurekebisha si lazima kuwe kwa gharama kubwa. Huko Philadelphia, viwanja 541 vilivyotelekezwa viliingizwa katika jaribio. Baadhi vilizolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, kisha vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupita. Uzio ule unanivutia kuliko yote: lori la kumwaga taka usiku haliingii, mtoto na mpira wake anapita. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Katika mitaa maskini zaidi, matukio ya kutumia bunduki yalipungua kwa 29%, na kwa viwanja vyote kwa jumla, wakazi wa jirani waliosema wana huzuni nzito walipungua kwa zaidi ya 40%. Kwa nyasi tu na mtu wa kuzikata!

Tatizo huja kijani kinapoanza kupendwa na wenye fedha. Chicago iligeuza njia ya zamani ya reli kuwa bustani ya matembezi ya kilomita 4.3, iliyofunguliwa mwaka 2015. Upande wa magharibi, kwenye familia nyingi za Walatino wa kipato cha chini, bei za nyumba zilipaa tangu wakati wa ujenzi, na nyumba za kupangisha familia mbili tatu zikabomolewa kupisha za familia moja tajiri. Tozo ya kubomoa, kuanzia dola 15,000, iliwekwa mwaka 2021, wengi wakiwa wameshahama.

Kwa hiyo nashikilia kwamba ulinzi wa makazi utangulie jembe. Mji mkuu, Washington, wamejaribu hivyo: mradi wa bustani ya darajani juu ya mto Anacostia ulipanga masuala ya nyumba na ajira kabla ya ujenzi, na ukasaidia kuzaliwa kwa amana ya ardhi ya jamii. Katika mpango huo ardhi hubaki mali ya jamii, familia humiliki nyumba, na ikiuza, bei ina kikomo ili mnunuzi wa kipato kile kile aimudu. Ukiitwa kwenye mkutano wa mradi wa kijani mtaani kwako, kabla hamjafika kwenye aina za miti, omba uoneshwe kwa maandishi kodi za nyumba zitalindwaje, na kwa miaka mingapi.