Vani kuukuu ya kambi: mtu wa tatu alale wapi?

Mwenye vani ya kambi, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, ya miaka ya 1980 akitaka kuongeza nafasi ya kulala, wazo la kwanza huwa ni kukipanua kitanda kilichopo. Mimi kazi yangu ni kuvunja na kujenga upya ndani ya magari haya, na karibu kila mteja namwambia akiache kitanda kwanza, aangalie vitu vinavyokizunguka. Usiku gari limesimama. Viti vya mbele havina kazi, ujia wa katikati haupitwi, juu ya jiko hakuna sufuria. Nafasi iko hapo. Ukipanua kitanda bila kuvigusa hivyo vingine, utaishia kuziba mlango au kupoteza kabati, na haitachukua muda utatamani kukirudisha kilivyokuwa.

Kabla ya kushika msumeno, shika futi. Mtu aliyelala anahitaji urefu zaidi kuliko akiwa amesimama, kwa sababu vidole vya miguu vinanyooka na mto unachukua sehemu yake. Ongeza sentimita 10 juu ya kimo cha aliye mrefu kuliko wote. Kwa upana, mtu mzima mmoja hawezi kupewa chini ya sentimita 60. Wawili watavumiliana kwenye 120 na watalala vizuri kwenye 130. Miguuni panaweza kupungua hadi 90 bila mtu kulalamika, na hiyo ni faida kubwa pale ambapo kabati limejitokeza. Mchagoni usibane kabisa, maana mabega hayakunjiki.

Vipimo hivi vichukuliwe pale godoro litakapokaa, si sakafuni. Kuta za vani nyingi zinaegemea ndani kadiri zinavyopanda, na kilichoonekana kutosha chini kinapungua juu. Ndiyo maana wazo la kulala kwa kukingama, kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule, linashindikana kwenye magari mengi ya zamani. Volkswagen T3, iliyotengenezwa kuanzia 1979, ina upana wa takriban mita 1.84 ikipimwa kwa nje. Ondoa unene wa bodi, vizuia joto na plaiwudi ya kuta, kinachobaki ni kitanda cha mtoto. Fiat Ducato za kuanzia 2006 zina upana wa nje wa mita 2.05, na humo watu wazima wa kimo cha kawaida wanakingama bila shida. Tusizitamani, tuna gari tulilonalo.

Injini ilipo nayo inaamua mengi. Kwenye T3 iko nyuma, na mfuniko wake uko ndani, chini ya godoro la nyuma. Kitanda chochote kitakachojengwa hapo lazima kifunguke bila kung'oa skrubu, la sivyo siku gari litakapozima barabarani fundi ataanza kwa kuvunja kitanda chako. HiAce za zamani zina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kukigeuza kiti cha dereva kitazame nyuma si jambo la kufikiria, lakini sakafu ya nyuma ni pana na nyoofu. Kila muundo una mahali pake pa kuheshimiwa. Patafute kabla hujachora chochote.

Jambo la pili ni uzito, na hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Nenda kwenye mizani ya magari na vani ikiwa na maji, gesi na mafuta, kila ekseli ipimwe peke yake, kisha linganisha na uzito wa juu uliopigwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Tofauti ya namba hizo ndiyo bajeti yako, na humo wamo watu, mizigo na mbao mpya. Ubao mmoja wa plaiwudi ya mbetula, mti mgumu na mzito, wenye unene wa milimita 15, wa ule ukubwa wa kawaida wa mita 1.22 kwa 2.44, una kilo 30 hivi. Wa mpopla, mti mwepesi, wa unene huohuo una kilo 20 hivi. Kwa milango ya makabati na kuta za ndani mimi hutumia mpopla bila kusita. Mbetula naiweka kwenye chaga na mahali penye bawaba tu, pale panapohitaji kushika skrubu kwa nguvu.

Habari njema ni kwamba samani za zamani mara nyingi ni za chipubodi, yaani ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, nzito ajabu, na ukizitoa unapata kilo nyingi za kuchezea. Ila usizitoe kwa pupa. Kama gari lako ni lile lenye boksi la nyumba lililojengwa juu ya chasisi, si vani ya bati tupu, kabati refu linaweza kuwa linasaidia kushikilia kuta na paa. Lijaribu kwanza: legeza skrubu za juu, mwenzako asukume ukuta kwa nje kwa kiganja. Ukiona ukuta unacheza, hilo kabati ni nguzo, na ukilitoa lazima uweke nguzo nyingine. Kwenye vani ya bati mbavu za bodi zenyewe zinabeba, kwa hiyo uko huru zaidi.

Sasa kitanda chenyewe. Kwa mahali pembamba sijaona kinachoshinda kitanda cha kuvuta chenye chaga za kupishana, nami nitakieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wanakijenga nusunusu.

Mchana ni benchi lililoegemea ukuta wa ubavuni, lenye upana wa sentimita 70. Chaga za kwanza zinafungwa kwenye mfumbati wa ukutani na kwenye boriti iliyo ukingo wa mbele wa benchi. Kati ya chaga na chaga unaacha pengo. Chaga za pili zinafungwa kwenye mfumbati wa mbele unaotembea, nazo zinaingia katika mapengo ya zile za kwanza kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Ukivuta mfumbati wa mbele, chaga za pili zinateleza juu ya boriti na kutoka nje, na matendegu ya mbele yanakunjuka kugusa sakafu. Boriti hiyo ya katikati ndiyo inayobeba kazi yote, maana chaga zote mbili zinailalia. Usiifanye nyembamba eti kwa kuokoa uzito.

Chaga nazikata kwenye mbetula ya milimita 18, upana milimita 60, nyuzi za uso wa ubao zikifuata urefu wa chaga. Pengo naliacha milimita 66, yaani milimita 3 za uwazi kila upande. Ukiacha moja, siku ya baridi yenye unyevunyevu mbao zitavimba na kitanda hakitafunguka, nawe umesimama na mto mkononi. Kingo za chaga zote zipigwe randa kidogo zisiwe kali, zipakwe vanishi, kisha zisuguliwe nta ya mshumaa. Grisi hapana, itaishia kwenye godoro.

Chaga zilizo nje zisivutwe zote. Lazima sentimita 15 hivi zibaki zimepishana, na chini ya ncha ya ndani ya chaga mbili za pembeni unabana kipande cha mbao kigonge boriti na kuzuia zisichomoke. Kwa hiyo benchi la 70 linatoa kitanda cha 125. Hizo 55 zilizoongezeka zinatoka kwenye ujia, na zinajazwa na godoro la mgongo wa benchi. Kimo cha mgongo huo ndicho kinachoamua kitanda kitafunguka kiasi gani, kwa hiyo amua vyote kwa pamoja kwenye karatasi. Nimeona benchi nyingi nzuri zenye mgongo wa sentimita 45 na shimo la sentimita 10 katikati ya kitanda, likizibwa kwa mablanketi.

Hapo watu wawili wamelala. Wa tatu, akiwa mtoto, anakwenda mbele. Juu ya viti vya dereva na abiria unapitisha turubai nene lenye mikunjo miwili iliyoshonwa, ndani yake mabomba mawili ya chuma au alumini, na mabomba yanakaa kwenye vikombe vilivyofungwa kwenye nguzo za milango. Vani za kambi za zamani nyingi ziliuzwa zikiwa na kitu cha namna hiyo. Hakichukui nafasi mchana, kinakunjwa kama mwavuli, uzito wake ni kilo chache. Mpime mtoto, pima na upana wa kabini, na ukubali kwamba akikua atahama. Kabla hajapanda, toa ufunguo kwenye swichi na uvute breki ya mkono, kwa sababu mguu wa mtoto aliyelala unafika popote.

Kitanda cha juu nyuma, juu ya kile cha wakubwa, ni habari nyingine. Mtu mzima anahitaji sentimita 95 hadi 100 juu ya godoro ili akae wima, na kama ni kujipenyeza na kulala tu, 60 zinatosha. Vani ya paa fupi haikupi vyote viwili juu na chini, basi wa chini ndiye anayevumilia. Kizuizi cha ubavuni kiinuke angalau sentimita 16 juu ya godoro, si juu ya chaga; wengi hupima kabla godoro halijawekwa. Watoto walio chini ya miaka sita siwaweki juu kabisa, hata mzazi akisisitiza.

Kuhusu paa la kunyanyuka nitasema kwa ufupi: linakupa kitanda kizima bila kugusa samani, na ndiyo suluhisho bora kuliko yote kwa vani fupi. Lakini kulifunga kunamaanisha kukata mbavu za paa, na paa lililokatwa bila kuwekewa fremu ya chuma ya kurudisha nguvu hiyo ni hatari gari likipinduka. Kazi hiyo mpe mtu anayeifanya kila siku, mwenye fremu iliyotengenezwa kwa muundo wa gari lako.

Kuna kitu kimoja nisichokigusa: kiti chenye mikanda. Gari likigonga kitu kwa kasi ya mjini, mwili wa kilo 75 unaweza kuuvuta mkanda kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye bolti zilizoshika chasisi. Benchi la plaiwudi lenye mkanda uliofungwa kwa skrubu za mbao ni pambo tu. Ukitaka benchi la abiria lenye kugeuka kitanda, nunua lililopimwa na kuidhinishwa na ulifunge kama linavyoelekezwa. Na kitanda kikiongezeka haina maana abiria ameongezeka. Idadi ya mikanda ndiyo inayohesabiwa barabarani, na sheria za kusajili mabadiliko zinatofautiana nchi na nchi, hivyo uliza kwenu kabla ya kununua mbao.

Unapofunga fremu sakafuni, ingia chini ya gari na tochi kwanza. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya vinapita hapohapo unapotaka kutoboa. Kila bolti iwe na bamba la chuma upande wa chini, na tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia. Gari kuukuu halihitaji msaada wa kupata kutu.

Hewa nayo inabadilika mtu akiongezeka. Aliyelala anatoa unyevu wa takriban gramu 40 kwa saa kwa pumzi na jasho, kwa hiyo watu watatu kwa usiku wa saa nane wanakaribia lita moja. Maji hayo yanatafuta bati baridi: ukutani, na chini ya godoro. Ndiyo sababu sikubali godoro lilazwe juu ya ubao mzima. Chaga zenyewe zinapitisha hewa; pale penye mfuniko wa ubao nauchoma matundu, kisha naweka wavu mnene wa plastiki katikati. Tundu la hewa la paani libaki wazi hata kwenye baridi.

Kwa gesi, kumbuka ni nzito kuliko hewa. Propeni ni mara moja na nusu hivi, byuteni karibu mara mbili, na ikivuja inatambaa sakafuni. Vani zenye jiko zina matundu sakafuni ya kuitoa nje, nayo ndiyo ya kwanza kufunikwa na fremu mpya ya kitanda. Yatafute, yapige alama kwa chaki, ujenge ukiyakwepa. King'ora cha monoksidi ya kaboni kiwekwe karibu na usawa wa vichwa vya wanaolala, na mwenye kitanda kilicho karibu na jiko asipashe joto kwa jiko. Hakikisha pia kwamba kitanda kikiwa kimefunguliwa, angalau mlango mmoja unafunguka kwa ndani bila kumruka mtu.

Godoro nunua mwisho, fremu ikiwa imeshamalizika na kupimwa upya, kwa sababu hakuna pembe ya vani kuukuu iliyo nyuzi 90. Sponji ya unene wa sentimita 10 yenye msongamano wa kilo 35 kwa mita ya ujazo inatosha watu wazima. Nyepesi kuliko hiyo itabonyea mpaka nyonga ziguse chaga. Kwenye kitanda cha kuvuta, mshono kati ya godoro la kukalia na lile la mgongo unakimbia kutoka kichwani hadi miguuni, ukigawa kitanda 70 kwa 55, na anayelala upande wa ujia atausikia mbavuni kila akigeuka. Tandiko jembamba la sentimita 4 juu ya vyote viwili linaumaliza, na mchana linaviringishwa na kuwekwa juu ya kabini.