Fyuzi Kubwa Haiponyi Amplifaya

Fyuzi ya amplifaya ikikatika, wengi hapa Mombasa huambiwa waweke kubwa "ivumilie". Sivyo. Penye fyuzi iliyoandikwa T3.15A 250V (ampea 3.15) ukitia ya 10A, kinachoweza kuungua ni transfoma, na hiyo bei yake waijua. T nayo si pambo: huchelewa kukatika, hivyo hustahimili mkupuo wa umeme wa kuwasha. Ya F, ile ya kukatika upesi, ampea zilezile, huenda ikakatika bure.

Chomoa plagi, itazame fyuzi. Kioo kikiwa cheusi kuna shoti, mara nyingi diodi au transista za sauti. Kikiwa safi, pengine ni uchovu tu.

Ukishatia fyuzi mpya, kabla ya kuwasha, unga balbu ya nyuzi (ile ya zamani, si ya LED) ya wati 60 kwenye waya wa moto, umeme uipitie kwanza. Ikimweka kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima: shoti bado ipo.